Dakika arobaini za asubuhi ni za nani?

Ndugu Mhariri,

Wiki iliyopita ulichapisha barua ya msomaji mmoja, mwenye kiwanda kwa maelezo yake, aliyesikitika kwamba vijana wa siku hizi wakiambiwa wafike kazini nusu saa kabla ya muda wanauliza, "Tutalipwa?" Akatukumbusha enzi za Uhuru na Kazi, akamalizia kwa msemo kwamba biashara asubuhi. Msemo huo una nusu ya pili ambayo hakuiandika: jioni mahesabu. Naomba nafasi niyafanye hayo mahesabu.

Nilikaa kaunta ya supamaketi moja hapa Dar es Salaam miaka sita. Mkataba wangu ulisema kazi ni kuanzia saa 2:00 asubuhi hadi saa 10:30 jioni, siku sita kwa wiki, na saa moja ya chakula katikati. Ukiitoa hiyo ya chakula zinabaki saa saba na nusu kwa siku, yaani saa 45 kwa wiki, kamili. Aliyeuandika mkataba ule alikuwa na Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 mkononi, maana saa 45 ndiyo kikomo cha kazi ya kawaida kwa wiki. Ndoo alishaijaza hadi ukingoni. Tone lolote juu ya hapo ni saa za ziada, na yeye alilijua hilo kabla yangu.

Lakini tulitakiwa tuwe ndani saa 1:20. Si getini, ndani, aproni umeshaivaa. Kwanza unapokea floti kwa supavaiza: mfuko wa nailoni wa sarafu za mia na mia mbili, na kibunda cha noti ndogondogo, unahesabu mbele yake na kusaini. Halafu unapanga rafu ya mikate, unapiga deki mbele ya kaunta yako, unaweka karatasi mpya kwenye mashine ya risiti. Saa 1:50 kuna kikao cha kusimama, meneja anatusomea mauzo ya jana na kutuuliza kwa nini maziwa yameharibika. Mlango ukifunguliwa saa 2:00, mteja wa kwanza anadhani na sisi ndiyo kwanza tumefika.

Daftari la mahudhurio lilikaa juu ya meza karibu na stoo, kalamu imefungwa kwa uzi. Watu kumi na wanane tuliandika 2:00. Ukurasa mzima ni 2:00 chini ya 2:00, utafikiri tulipita wote mlangoni kwa mpigo mmoja. Dada mmoja mgeni, wiki yake ya kwanza, akaandika 1:18 kwa sababu ndiyo saa aliyofika. Supavaiza hakumgombeza. Alichukua rula, akaubana ukurasa, akauchana taratibu kwenye ukingo, kisha akalipitisha daftari tusaini upya. Na ukifika saa 1:35? Hapo jina lako liliingia daftari jingine, la wachelewaji, na mara tatu kwa mwezi unakatwa mshahara wa siku moja. Kwa hiyo muda ule haukuwepo wakati wa kulipa, ila wakati wa kukata ulikuwepo.

Sasa mahesabu. Dakika 40 mara siku sita ni saa nne kwa wiki. Mwaka una wiki 52; toa nne za likizo, zinabaki 48. Nne mara 48 ni saa 192. Gawanya kwa 45, unapata zaidi ya wiki nne za kazi. Na likizo yangu ya mwaka kisheria ilikuwa siku 28, wiki nne barabara. Maana yake kila mwaka nilipewa likizo yenye malipo nikaishukuru, kumbe nilikuwa nairudisha vipande vipande kila asubuhi, na chenji juu. Hapo sijazidisha kwa moja na nusu, ambacho ndicho kiwango cha chini cha malipo ya saa ya ziada kwa sheria hiyohiyo.

Najua mwenye kiwanda atasema ni roho ndogo kuhesabiana dakika. Mimi kuhesabu nilifundishwa palepale. Jioni moja kaunta yangu ilikuwa na shoti ya shilingi 700. Zilikatwa. Hakuna aliyesema tusihesabiane, sisi ni familia.

Nisieleweke vibaya: sitetei uchelewaji. Dar hii ukitoka nyumbani kwa kukisia umeumia. Mvua ikipiga Jangwani pakajaa maji, mwendokasi haupiti, na bosi hana kosa hapo. Mwenzangu mmoja alikuwa akitoka Chanika saa 10:30 alfajiri, mtoto anamwacha kwa jirani akiwa bado amelala, ili tu asikutwe na foleni. Siku njia ikiwa nyeupe alifika mapema sana, akakaa kwenye benchi la mama ntilie, kikombe cha chai mkononi na andazi kwenye gazeti. Dakika zile za benchi ni zake, na hakuwahi kumdai mtu. Deni lilianza pale alipoitwa ndani kabla hajamaliza chai, akakabidhiwa deki. Waulizeni na walinzi: zamu inaanza saa 12, lakini gwaride na kukabidhiana lindo ni nusu saa kabla, na anayetoka haondoki mpaka anayeingia amekagua kila kufuli.

Siku hizi nina steshenari yangu Tabata, na nimeajiri kijana mmoja. Kwa hiyo upande wa pili wa kaunta naujua pia. Duka haliwezi kufunguliwa saa 2:00 wakati mtu ndiyo kwanza anatafuta ufagio. Sawa. Basi mkataba uandike saa 1:20, na jioni mtu aondoke saa 10 kasoro dakika 10. Au kama anahitajika mpaka 10:30, wakubaliane na alipwe za ziada. Sheria yenyewe inataka ziwe za makubaliano. Kijana wangu anaingia saa 1:15, robo saa kabla ya kufungua, kufagia na kuwasha mashine ya fotokopi, ambayo ni kuukuu na inachelewa kupata moto. Robo saa hiyo nailipa. Kusema kweli mwanzoni iliniuma, na kuna mwezi biashara ilikuwa mbaya nikawa nimeshafungua mdomo nimwambie, "Uwe unawahi kidogo tu, mdogo wangu." Nikaikumbuka rula.

Wapo watakaosema aliyeonewa aende Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA). Mlango wa CMA uko wazi, na madai ya namna hii hutakiwa kufunguliwa ndani ya siku 60. Lakini aende na ushahidi gani? Daftari linasema 2:00, tena kwa mwandiko wake mwenyewe.

Ndiyo maana, Ndugu Mhariri, sina ugomvi na mwandishi wa wiki iliyopita kuhusu nidhamu. Namuuliza jambo moja tu, na ningefurahi akinijibu katika ukurasa huuhuu: hao vijana wake wanaofika nusu saa kabla, kwenye daftari la kiwandani wanaandika saa ngapi?

Keshia wa zamani,
Tabata, Dar es Salaam