Mwanangu, usiongeze gesi kabla hujaiona feni

Mwanangu, assalaam alaykum. Voisi yako ya jana usiku nimeisikiliza mara tatu, ya tatu mama yako akaninyang'anya simu eti namkosesha usingizi. Unasema AC ya gari inapoza halafu inaacha, fundi wa hapo karibu na kazini kwako kakwambia gesi imepungua, lete elfu sitini aongeze, na Jumamosi alfajiri unaondoka na mtoto kwenda Dodoma. Mi nakuomba, na ntarudia mpaka unichoke, usiondoke na hilo gari kabla hujaiona feni ya chini ya boneti inazunguka. Sio kuambiwa. Uione.

Umesema mwenyewe, tena umepitia juujuu kama vile hakina maana, kwamba asubuhi ukitoka inapoza vizuri, ukifika foleni ya Kimara inaanza kutoa hewa ya uvuguvugu, ukipata njia gari likichanganya baridi inarudi. Gesi ikiwa pungufu nayo inaweza kukusumbua hivyohivyo kwenye foleni, sibishi, ndo maana mafundi wanaikimbilia. Lakini gesi ya AC haitumiki ikaisha kama petroli, ikipungua ujue imevuja, na fundi wako hajakuonyesha inapovujia wala hajafunga geji ya kupima presha. Kaangalia gari, kakuangalia na wewe, kataja bei.

Sasa sikiliza. Ile nyavu iliyo mbele ya rejeta ndo kondensa, kompresa, yaani pampu ya AC, inaisukumia gesi ya moto na pale lazima upepo upite ipoe. Gari likikimbia upepo unatoka barabarani, likisimama hakuna upepo mwingine ila wa feni. Feni ikilala presha inapanda, inapanda, mpaka swichi ya presha inaikata klachi ya kompresa kitu kisije kikapasuka, ndo unapigwa na joto. Presha ikishuka inashika tena. Halafu mtu aje akuongezee gesi juu ya presha ambayo tayari imepanda, si ndo anakumaliza? Gesi yenyewe inapimwa kwa mizani, chini ya boneti kuna karatasi imeandikwa R134a na gramu zake, haijazwi kwa kukisia kama maji ya ndoo.

Kesho jioni jua halijazama fanya hivi. Handibreki juu, gia kwenye P, washa, AC weka baridi ya mwisho, fungua boneti. Tazama kompresa, mbele ya puli kuna kasahani, ndo klachi yenyewe, AC ikishika utasikia "tak" na kale kasahani kanazunguka pamoja na puli. Kakishika, haipiti muda na feni inatakiwa izunguke. Ikiwa imelala, na ndani hewa imeshakuwa ya moto, chukua chupa ya maji ya lita moja na nusu mwagia kondensa taratibu kwa mbele kupitia shoo, ile grili ya mbele, maji yasiende kwenye waya. Ukisikia tak na baridi ikarudi, basi gesi unayo, ulichokosa ni upepo. Na mtandio vua kabla hujainama, feni ya umeme inaamka yenyewe bila hodi, hata injini ikiwa imezimwa.

Feni ikiwa imelala mwambie fundi aanze na fyuzi na rilei, kale kaswichi kanakopeleka umeme kwenye feni. Rilei ya honi mara nyingi ni namba ileile, wanabadilishana tu kujaribu, feni ikiamka unanunua rilei Gerezani umemaliza, sio elfu sitini. Testa unajua kushika, sikufundishi. Halafu aangalie soketi ya feni upande wa kushoto, kuna waya mweusi umefungwa tepu. Ile siku mlikuwa na haraka, mumeo keshakaa garini anapiga honi, na risasi ya kuchomelea ilikuwa imeniishia, kwa hiyo waya ulisokotwa tu ukapigwa tepu kwamba mkirudi Idi utachomelewa. Idi hamkuja. Waya wa kusokota ukipata moto unalegea, leo feni inazunguka kesho inagoma. Aukate auchomelee upya, na asiulize aliyefunga ni nani.

Ikitokea feni zote zinazunguka na bado inaacha, hapo ndo afunge geji, kwanza aangalie klachi ya kompresa, pengo kati ya kasahani na puli likishakuwa kubwa sumaku ikipata moto inashindwa kukavuta. Na kama gesi iliwahi kujazwa bila kuvuta vakyumu, yaani kunyonya kwanza hewa yote iliyomo, unyevu unabaki ndani unaganda kwenye ekspanshen, kale katundu gesi inakopenyea, inapoza nusu saa inaacha, ukizima dakika kumi inarudi. Lakini hiyo hata ukiwa unakimbia Chalinze ingekufanyia. Yako sio hiyo.

Mi baridi sio shida yangu, mjukuu wangu kazaliwa Dar joto analijua. Shida yangu feni hiyohiyo ndo inapoza rejeta. Gari lako halina mshale wa moto, lina taa tu, bluu ikiwa injini ya baridi na nyekundu ikichemsha, ukiiona nyekundu ujue umeshachelewa. Saa ngapi utaitazama taa na mtoto analia nyuma? Utakuwa unapanda kwenda Gairo nyuma ya semi, mwendo wa kinyonga, vioo mmefunga mkisubiri baridi. Ikiwaka paki pembeni, zima, na kifuniko cha rejeta usikiguse mpaka ipoe kabisa. Ya Korogwe unayajua, siyarudii.

Gari ulinunua bila kuniita nikalikague, hilo sikusahau, ila kila Ijumaa msikitini lazima mtu ajue kwamba binti yangu nesi kalipa gari zima kwa mshahara wake, mama yako ananicheka. Lakini mtu anayehesabu matone ya dripu usiku kucha anashindwaje kusimama dakika tano mbele ya boneti?

Mama yako anasema mtoto avalishwe pamba, sio lile joho la zawadi. Embe zimeiva zinaoza chini, kaka yako hataki kupanda mti siku hizi, ntakutumia kiroba kwa basi la Alhamisi, kapokee mwenyewe maana kile cha mwaka jana kilifika nusu. Tanki la maji nimeziba, linavuja kidogo, usimwambie mama yako. Goti lake limepata nafuu ila dawa kaacha kunywa anasema zinamchoma tumbo, mpigie wewe, mimi hanisikii.

Basi kesho jioni nitumie video, feni ikizunguka na AC imewashwa. Sio picha, kwenye picha feni zote zimesimama. Na sauti iwepo, nisikie hiyo tak.