Ilimba yangu si kinanda kilichoharibika

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi niseme na maprodyuza wa studio zetu za Dar es Salaam juu ya jambo linalotuumiza sisi tunaopiga muziki wa asili.

Napiga zeze na ilimba, ile marimba ya vyuma ya Wagogo. Naishi Mbagala mwaka wa kumi na tisa sasa. Mwezi uliopita nilijikusanya, nikalipia studio moja hapa mjini nirekodi wimbo mmoja. Kijana niliyemkuta aliniamkia vizuri, akanifutia kiti. Nikapiga. Hata ubeti wa pili sijaufikia, akanisimamisha: "Mzee, chombo chako kimetoka nje ya noti." Akabonyeza kinanda, akaniambia niifuatishe ilimba.

Nilitoa nyundo yangu ndogo nikaanza kugonga vyuma kimoja kimoja, hiki nakirudisha nyuma, kile nakivuta mbele, mpaka kinanda kikaridhika. Chuma kimoja kilikatika. Kwa ile mitikisiko, ukachanika na utando wa mayai ya buibui tunaofunikia tundu la ilimba. Utando huo ndio unaoipa mvumo kama wa nyuki. Kijana alifurahi ulipochanika, maana alidhani ule mvumo ni kelele ya spika. Kisha akaukata wimbo wangu wa dakika tisa ukawa wa dakika tatu, akautia biti. Ninao kwenye simu. Mpaka leo sijamsikilizisha mtu yeyote nyumbani.

Ilimba haikuwa imetoka nje. Sauti za Wagogo zinatoka ndani ya uzi wenyewe wa zeze, na ilimba inazifuata hizo hizo. Gusa uzi wa zeze kidogo tu kwa ncha ya kidole, bila kuubana, uvute upinde: zinakuja sauti za juu, moja baada ya nyingine, na nyimbo zetu zinapita humo. Mojawapo haikai juu ya kitufe chochote cha kinanda, inaangukia katikati ya viwili. Ndiyo hiyo mama zetu wanaishika wakiimba kwa pamoja huku ngoma za muheme wamezibana mapajani, na hakuna anayekosea. Ukiisogeza ikae juu ya kitufe, wimbo unabaki na maneno ya Kigogo lakini Mgogo hautambui.

Na urefu je? Mjomba aliyenifundisha zeze alikaa muda mrefu kabla ya kuniruhusu kuimba. Jioni nikirudi kutoka malishoni ananiuliza, "Leo umeona nini?" Nikisema sijaona kitu, tunakaza nyuzi tu, tunalala. Siku niliyomsimulia jinsi mama alivyoutwanga uwele wa mbegu, kwa sababu ndani hapakuwa na kingine, mjomba alinyamaza, akanipa upinde. Ule ndio wimbo wangu wa kwanza, na mdundo wake ni wa mchi wa mama, siyo wa kwangu.

Hata hapa mjini natunga hivyohivyo. Wimbo niliopeleka studio ni wa mama mmoja anayekaanga mihogo Rangi Tatu. Mvua ilipomwagika usiku aliinamia karai kwa mgongo wake ili mafuta yasiingie maji, na wateja wake tukasimama kwenye mvua tukimsubiri. Dakika tatu za mwanzo nawasalimu wenyeji na kuomba ruhusa ya kusema, ndipo naingia kwenye habari. Kijana alikata hizo kwanza. Kwetu huko ni kuingia nyumba ya watu bila hodi.

Nisieleweke kuwa nazikataa mashine. Hayati Hukwe Zawose, Mgogo wa Dodoma aliyeletwa Dar es Salaam na Mwalimu Nyerere miaka ya 1960 na baadaye akafundisha chuo cha sanaa Bagamoyo, mwaka 2002 alitoa albamu na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook. Mitambo imejaa humo, lakini ilimba unayoisikia ni ilimba, wageni ndio walioifuata. Na Mzee Morris Nyunyusa, aliyekuwa haoni, ngoma zake zimetutangulizia taarifa ya habari ya redio kwa miaka mingi. Fundi aliyemrekodi aliziacha zilie zinavyolia. Hao ndio niliowasikiliza utotoni, na ndio walionifanya niamini kwamba mtu wa kijijini anaweza kusikika nchi nzima bila kubadilishwa sauti.

Ninachoomba ni kidogo. Mpiga muziki wa asili akija, msikilizeni wimbo mzima kabla ya kugusa kitu. Kipaza sauti kimoja kiwekeni karibu na kibuyu cha zeze, aimbe na kupiga kwa wakati mmoja, maana sauti na upinde vinavutana na ukivitenganisha vyote vinapoa. Mkitaka kuongeza kinanda, kinanda ndicho kisogee, siku hizi kompyuta inaweza kuhamisha noti yoyote unakotaka. Chuma changu kinakatika.

Ilimba nimeshairudishia sauti zake isipokuwa kile chuma kimoja, na utando mpya wa buibui nimeagiza nyumbani. Studio itakayokubali kunirekodi hivyo, kwa dakika zangu tisa, nitafika hata alfajiri kabla foleni ya Mbagala haijaanza.

Mpiga zeze,
Mbagala, Dar es Salaam