Ensaiklopidia ziache kutuchora nusu

Mhariri naomba nafasi kidogo. Ukifungua ensaiklopidia ukasoma kuhusu nchi inayoendelea unakuta vita, njaa, mapinduzi, malaria, basi, kama vile watu wa huko hawaandiki vitabu wala hawajengi kitu, inaniuma sana. Na takwimu ndo balaa zaidi. Nigeria ilikuwa inapima uchumi kwa mwaka wa msingi 1990, yani mwaka ambao bei zake na sura ya uchumi wake ndo kipimo cha kulinganishia, mwaka 2014 wakahamia mwaka wa msingi 2010 wakahesabu vizuri na simu na filamu, uchumi ukaonekana mkubwa kwa karibu asilimia 89 ukaipita Afrika Kusini, yani kabla ya hapo wanafunzi walikuwa wanakariri namba iliyochoka. Waandishi waweke mwaka kwenye kila takwimu, na wawatumie wasomi wa nchi yenyewe, wapo wengi tu.