Ugomvi wa gitaa na ilimba uwe wa makusudi

Mhariri,

Vijana wa Dodoma wanaochanganya roki na muziki wa Kigogo katika nyimbo za uhasama wanalaumiwa kwamba wanaharibu asili. Lawama hiyo imegonga mlango usio wake. Hukwe Zawose, Mgogo aliyebobea kwenye ilimba (kinanda cha vijiti vya chuma kinachopigwa kwa vidole gumba) na zeze, alitoa albamu na mpiga gitaa wa Kanada, Michael Brook, mwaka 2002, na asili haikufa. Kinachoumiza sikio ni tyuni, yaani jinsi sauti za vyombo zinavyopangwa.

Ilimba ya Kigogo hufuata sauti za asili, zile zinazozaliwa na waya unaotetema mzima, kisha nusu, theluthi, robo, na kuendelea. Gitaa, kwa freti zake (vile vyuma vya shingoni), limeikata oktavu, toka do hadi do ya juu, vipande 12 vilivyo sawa. Tuseme do ya wimbo ni G. Sauti ya saba katika mfululizo ule, ambayo ndiyo ladha yenyewe ya Kigogo, inatua kwenye hezi 343, yaani mitetemo 343 kwa sekunde. Mpiga solo akibonyeza freti ya 6 ya waya wa pili anapata F ya hezi 349. Zikilia pamoja, utasikia wimbi linalopiga mara 6 kwa sekunde, na fundi asiyejua atadhani ilimba imelegea, airekebishe kwa kompyuta. Hapo amekwisha kuua wimbo.

Anayetakiwa kusogea ni mpiga gitaa. Avae shingo ya chupa kidoleni, aguse waya bila kuubonyeza, nyuma kidogo ya freti ya 6, kama theluthi ya safari ya kurudi kwenye ya 5. Asiye na chupa abonyeze freti ya 5 kisha ausukume waya upande hadi wimbi litulie. Halafu, kwenye ubeti wa kutoleana maneno, arudi freti ya 6 ya kawaida. Lile wimbi sasa ndilo ugomvi wenyewe, tena bila kupiga kelele.

Distosheni, ule mkwaruzo wa gitaa la umeme, nayo ina masharti. Piga do na sol tu. Ukiongeza mi, kifaa kinazaa sauti za ziada zinazokwaruzana, na kila kitu kinakuwa uji. Ilimba ikiongea, punguza desibeli 3 za gitaa kati ya hezi 2,000 na 4,000, maana mkwaruzo mtamu wa ilimba hukaa karibu na huko. Chini ya hezi 100 waachie muheme (ngoma za kina mama wa Kigogo) na besi.

Mashindano si mgeni katika muziki wetu: enzi za beni, ngoma iliyoiga bendi za kijeshi, vikundi vya Marini na Arinoti vilikomoana kwa tarumbeta. Lakini ugomvi mzuri ni wa kupokezana. Nyimbo nyingi za sasa zinaanza kwa ghadhabu na kumaliza kwa ghadhabu ileile, wahasimu wote wawili wakipayuka katikati ya spika. Mweke mmoja kushoto, mwingine kulia, wajibizane mistari 4 kwa 4, na wasikutane hadi ubeti wa tatu.

Muheme irekodiwe kwanza. Kina mama wakichangamka kasi hupanda, na mashine ya kuhesabu mapigo haitawafuata. Gitaa linaweza.

Wapiga gitaa na mafundi wa sauti,
Area C, Dodoma