Hotpoti ya Ilula

Tabata, Dar es Salaam
Julai 8

Shoga yangu kipenzi,

Salaam nyingi. Sisi wazima, watoto wamerudi shule, Hamisi yuko kazini. Mama Tumaini anakusalimu, mguu wake sasa unakanyaga. Mengine baadaye, kwanza nitoe hili lililonikaa rohoni.

Najua umenuna. Ulipika, ukatungoja Ijumaa mchana kutwa, na sisi tukapita Mafinga saa kumi na mbili jioni bila hata kusimama kukupa mkono. Ule ujumbe wangu wa "tumepata dharura, nitakueleza" ulikuwa mkavu, nakubali. Nisamehe. Harusi ya shemeji ilikuwa kesho yake asubuhi Tukuyu, na tulikuwa tumeshachelewa siku nzima. Sasa nakueleza, na nikimaliza nina ombi.

Tulitoka Dar Alhamisi alfajiri. Mikumi watoto walihesabu twiga mpaka wakachoka. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu, jua linachoma. Tulipoanza kupanda Kitonga tukawa nyuma ya lori linalotambaa, kona baada ya kona, hakuna pa kulipita, na mshale wa joto unapanda nasi. Tukafika juu, watoto wakapiga makofi. Hatukwenda mbali. Karibu na Ilula gari likachemsha, paipu ya rejeta imepasuka, maji yote chini. Tukakata matawi tukayaweka barabarani, malori yanatupita kwa kasi, jua linazama, na ubaridi wa Iringa unaujua wewe. Mdogo alikuwa na fulana tu.

Akasimama mtu wa pikipiki, amefunga nyuma matenga mawili matupu ya nyanya. Wala hakuuliza habari ya gari. Aliwatazama watoto, akasema, "Hawa watalala wapi?"

Nikamjibu gesti. Akasema gesti zipo, lakini watoto wameshapoa, kwake ni hapo nyuma ya shamba na moto umeshawashwa. Shoga, niliogopa. Giza linaingia, watu hatuwajui, sisi wenyewe na mizigo ya harusi. Nilimtazama Hamisi naye ananitazama mimi. Kilichotuondoa pale ni yule mdogo, alikuwa anatetemeka meno.

Mkewe alitupokea kwa "Kamwene!" nami nikaitikia "Kamwene!" kama ulivyonifundisha. Akafurahi, akaniita dada kuanzia hapo. Bibi, mama yake yule baba, akamchukua mdogo bila maneno, akamfunga kitenge, akamweka mapajani kando ya mafiga. Dakika kumi mtoto kalala.

Sasa sikia. Yule baba alipoona kofia ya Hamisi, alizunguka nyuma ya nyumba, akarudi na jogoo mkono mmoja na kisu mkono wa pili. Akampa. "Kaka, chinja wewe, mle kwa amani." Ukutani pana msalaba na picha ya Bikira Maria. Hakuna aliyemwambia kitu, na sisi tulikuwa tumeshakubaliana kimoyomoyo kula ugali na maharage. Hamisi alimshika yule jogoo muda mrefu kabla hajasema bismillahi. Mpaka leo akiwasimulia watu, hapo ndipo sauti inapomkwama.

Na si hilo tu. Saa nane usiku niliamka kwenda uani, nikaona makaa bado yanang'aa jikoni. Wamelala pale, mume, mke na Bibi, mkeka mmoja. Kitanda tulicholalia kilikuwa chao. Blanketi letu lilikuwa la Bibi, maana yeye alijifunika vitenge vitatu, kimoja juu ya kingine, miguu imetoka nje. Nilirudi ndani polepole nisiwaamshe, usingizi haukuja tena.

Asubuhi baba akampakia Hamisi kwenye pikipiki kwenda Iringa mjini kutafuta paipu. Njiani alimwonyesha Lugalo, mahali Mkwawa na Wahehe walipolishinda jeshi la Wajerumani la Zelewski Agosti 17, 1891. Hamisi anasema alieleza kama mtu anayeonyesha kiwanja cha babu yake. Mimi nilibaki shambani na wanawake tukichuma nyanya. Bibi alinikataza kugusa zilizoiva. Za kwenda sokoni ni zile zinazoanza kugeuka rangi, zilizoiva zitapasuka ndani ya tenga kabla hazijafika Dar. Huku nazinunua kila siku na sikuwahi kuwaza hilo.

Fundi alimaliza saa tisa alasiri. Nilimwekea Bibi elfu hamsini mkononi. Akanirudishia. Nikampa mwanawe, akasema, "Dada, hapa si gesti." Basi nikaziingiza chini ya kikombe cha chai, nikajiona nimeweza. Mama mwenye nyumba akatufungia chakula kwenye hotpoti yake nyekundu, mfuniko umepasuka pembeni kidogo. Tulipofika Makambako watoto wakalia njaa, nikafungua. Mahindi ya kuchemsha, mihogo, paja la yule jogoo. Na chini kabisa, ndani ya mfuko wa nailoni uliofungwa fundo, elfu hamsini yangu.

Nililia, shoga. Palepale stendi.

Na kurudi hatukupita huko. Gari limebaki Uyole kwa fundi, shemeji ndiye atakayelileta. Sisi tulipanda treni ya TAZARA, na ile ikifika Makambako inakata kwenda Mlimba, Iringa huioni. Kwa hiyo hotpoti ya watu iko hapa, juu ya kabati langu, kila nikiingia jikoni inanitazama. Chombo cha mtu hakirudi kitupu, hilo tumelelewa nalo mimi na wewe. Hamisi anasema tuwatumie pesa kwa simu. Nimemkatalia. Watazirudisha, na safari hii itakuwa kama tumewatukana.

Nimewaza hivi: visheti vya kujaza hotpoti, maana vinakaa wiki bila kuharibika. Doti ya kanga kwa yule mama, ila maneno yake niyachague vizuri, yasije yakasomeka kama fumbo. Kwa Bibi blanketi zito, nalo nataka liwe lake peke yake, asiwape wageni, ingawa najua atawapa.

Hapo ndipo ninapokuhitaji. Wewe bado unakwenda Iringa kila mwisho wa mwezi kuchukua mzigo? Unaweza kuteremka mpaka Ilula, au nakutwika mno? Nikikupakilia kwenye basi la Alhamisi utaupokea stendi? Blanketi mzee wa Kihehe atalipokea kwa moyo, au kuna namna ya kulitoa ninayopaswa kuijua? Namba ya yule baba nakutumia kwa simu. Na wewe je, umenisamehe? Kile chakula ulimpa nani? Mwanao kapona kifua? Nijibu upesi, nikaange visheti Jumatano.

Ni mimi shoga yako,
Mama Nuru