Bei ya mashine ya gemu imeshuka kwao, mbona Darajani haijashuka?

Kila Sony, Microsoft au Nintendo wanapotangaza punguzo, simu ya duka letu la gemu hapa Darajani, Zanzibar, haipumziki. "Nimeona mtandaoni PlayStation imeshuka, nyinyi bado bei ile ile?" Swali la haki. Mzigo uliopo rafuni tuliununua Dubai kabla ya punguzo, na nauli na ushuru wake tushalipa. Tena mapunguzo mengi ni ya Marekani au Ulaya, ya wiki mbili tatu, na muuzaji wa jumla wa Dubai hana habari nayo. Bei ikishuka moja kwa moja, utaiona kwetu mzigo unaofuata ukishuka bandarini Malindi.

Lakini kuna jambo kubwa zaidi ya hilo, nalo ni kwa nini Sony na wenzake wanashusha. Mashine yenyewe huwapa faida ndogo, na mara nyengine huiuza kwa hasara. Pesa wanazirudisha kwenye gemu, maana hata gemu iliyotengenezwa na kampuni nyengine, wao wana fungu lao. Mashine ni chambo tu. Ndiyo maana mmoja akishusha bei mwenzake hakai kimya: mteja akishakwenda upande wa pili, gemu zote atakazonunua miaka mitano ijayo zimekwenda naye, na marafiki wanaotaka kucheza naye wanamfuata.

Mei 2002 Sony waliishusha PlayStation 2 kule Marekani kutoka dola 299 hadi 199. Kesho yake Microsoft nao wakaitia Xbox 199, na haukupita muda GameCube ya Nintendo ikatoka 199 ikawa 149. Iliyokuwa rahisi kuliko zote ni GameCube, na ndiyo iliyobaki nyuma. PlayStation 2 ilikuwa na gemu nyingi kuliko wenzake, ikaja kuuza zaidi ya mashine milioni 150. Sega, kampuni nyengine iliyokuwa ikitengeneza mashine, yaliwakuta mabaya zaidi. Dreamcast yao ilianza Marekani kwa dola 199 mwaka 1999, ikawa 149, na ilipofika 99 mwaka 2001 wenyewe washatangaza kuwa wanaacha kuitengeneza. Mashine nzuri ile, sisi tunaipenda mpaka leo, lakini aliyeikimbilia kwa dola 99 alinunua kitu ambacho watengenezaji wa gemu walikuwa wameshakipa mgongo.

Siku hizi upepo umegeuka. Mwaka 2025 Microsoft na Sony wote wawili walipandisha bei Marekani. Kwa hivyo anayetuuliza "nisubiri ishuke?" tunamwambia kama anaihitaji kwa sikukuu, asisubiri.

Ushindani wa bei sasa umehamia kwenye mashine zisizo na sehemu ya CD. Mwaka 2020 PlayStation 5 ya CD ilitoka kwa dola 499, isiyo na CD 399, na Xbox Series S, ambayo haipokei CD kabisa, 299. Huko huo ni unafuu. Hapa kwetu CD moja ya gemu ya mpira inazunguka kutoka Mwanakwerekwe mpaka Bububu kwa kubadilishana na kuuziana. Ukinunua isiyo na CD, kila gemu utailipia mtandaoni, huwezi kuiuza tena, na kubwa zake zinafika GB 100 za kupakua. Bando la nani hilo? Mwenye chumba cha gemu hasa tunamkataza, hata kama tunayo dukani na tungependa iondoke.

Na ile mashine ya mtumba uliyoletewa kutoka Marekani kwa bei ya kutupa, igeuze kwanza utazame karibu na tundu la waya. Ikiandikwa 100-240V, chomeka bila wasiwasi. Ikiandikwa 120V tu, kama PlayStation 2 nyingi za kule, ukiichomeka moja kwa moja kwenye umeme wetu wa 230V unaunguza pawasaplai, yaani kile kifaa kinachoipa mashine umeme.

Bei mpya ikishuka, ya mtumba nayo hushuka, mara nyengine kabla ya mpya kufika. Kwa hivyo kama una mashine ya zamani unayotaka kuongezea pesa upate nyengine, ilete mapema, na pedi zake zote mbili na waya. Tunaiwasha mbele yako, tunaijaribu kwa CD na kwa mechi nzima, kisha ndiyo tunazungumza bei.