Ambianeni Kweli: Barua ya Wazi kwa Wajawazito wa Miezi ya Kati

Wanangu wapendwa,

Ninawaandikia ninyi mliovuka wiki ya 13 na hamjafika wiki ya 28, ambao kichefuchefu kimewaachia, tumbo limeanza kujitokeza, na kila mnayekutana naye huwaambia kwamba sasa mmefika penye nafuu. Kabla ya kustaafu nilikuwa mkunga kwa miaka mingi, na mimi mwenyewe nimebeba mimba nne, kwa hiyo ninazungumza kama mtu aliyepima matumbo ya wenzake na aliyelala kitandani akapimwa lake.

Miezi hii ya kati imepewa jina la miezi myepesi. Jina hilo lina ukweli wake, kwa sababu wengi wenu mnakula tena, mnalala tena, na hofu ya mimba kuharibika, ambayo huwa kubwa zaidi katika wiki za mwanzo, imepungua. Lakini jina hilohilo limewafunga wanawake wengi midomo. Katika miezi ya mwanzo watu wanajua kwamba mjamzito anaumwa, wanampa pole. Katika miezi ya mwisho wanaliona tumbo, wanampisha akae. Katikati hapo hakuna anayeuliza, na yule ambaye bado anatapika, au mgongo unamuuma, au moyo umemwinamia bila sababu anayoweza kuitaja, hudhani kwamba kasoro ni yake peke yake, akanyamaza ili asionekane mlalamishi au, mbaya zaidi, asionekane hana shukrani kwa mtoto aliyejaliwa.

Hata kalenda ya kliniki ina pengo hapo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 unapendekeza mjamzito aonane na mhudumu wa afya angalau mara 8: mara ya kwanza ndani ya wiki 12 za mwanzo, kisha wiki ya 20, kisha wiki ya 26, na kuanzia wiki ya 30 mahudhurio yanakaribiana. Hesabuni wenyewe: kati ya hudhurio la kwanza na la pili zinaweza kupita wiki 8 au zaidi, na mwili wenu unabadilika kila siku ya wiki hizo. Mnaoonana katika siku hizo zote ni ninyi kwa ninyi. Ndiyo sababu ninawaomba mwambiane kweli, ya furaha na ya karaha, bila kuipunguza ili ipendeze masikioni.

Nilijifunza hilo katika mimba yangu ya tatu. Nilipoingia mwezi wa tano kila mtu aliniambia nimenawiri, na ni kweli nilinawiri, lakini kila alasiri nilikuwa nikijifungia chumbani nalia, kisha naosha uso, natoka na kuitikia kwamba sijambo. Nilikuwa mkunga, nilijua majina ya maradhi, na bado sikumwambia mtu. Aliyenitoa humo alikuwa mkunga mwenzangu aliyenizidi umri, ambaye hakuniuliza mtoto anaendeleaje kama walivyoniuliza wengine wote, bali aliniuliza, "Wewe mwenyewe unalala?" Sikuweza kumjibu, nililia mbele yake mpaka nikachoka, na kuanzia siku hiyo nikaanza kusaidiwa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba takriban mwanamke 1 kati ya wajawazito 10 duniani hupata tatizo la afya ya akili, hasa sonona. Kwa hiyo mnapokaa ishirini kwenye mabenchi ya kliniki, huenda wawili kati yenu wamebeba mzigo huo na wanatabasamu. Huzuni inayokaa wiki mbili bila kuondoka, au inayomnyima mtu usingizi na hamu ya kila kitu, ni ugonjwa wenye tiba, na hupaswa kuelezwa kwa mkunga kama vile mnavyoeleza homa. Mwanamke aliyefikia kuwaza kujidhuru asiachwe peke yake hata saa moja. Apelekwe kwa mhudumu siku hiyohiyo.

Furaha nazo zina adabu yake. Hakuna siku tamu kama siku mtoto anapocheza kwa mara ya kwanza, pale unaposikia kitu kama kiputo kinachopasuka, au samaki anayegeuka majini, na unashika tumbo ukisubiri kirudi. Semeni furaha hiyo, isherehekeeni. Ila mkumbuke kwamba pembeni yenu yupo mwenye mimba ya umri uleule ambaye hajasikia chochote, naye anakwenda nyumbani na hofu. Mwambieni mnayoyajua: kwamba aliyewahi kuzaa huweza kumsikia mtoto mapema, pengine tangu wiki ya 16, ilhali mwenye mimba ya kwanza mara nyingi husubiri mpaka wiki ya 18 au 20, na kwamba kondo likijishika upande wa mbele wa nyumba ya uzazi huwa kama mto kati ya mateke na ngozi, hivyo mama huchelewa kuyasikia. Mimi mwenyewe niliwahi kuwekewa mkono tumboni na shoga yangu aliyeniambia, "Wangu saa hii angekuwa amekuamsha," na neno hilo dogo, lililosemwa kwa mapenzi, lilininyima usingizi siku tano. Ikifika wiki ya 24 na hakuna lililosikika, asingoje hudhurio lijalo, aende akapimwe. Na yule ambaye mtoto wake amekwisha kuwa na mazoea ya kucheza, kisha akatulia kuliko kawaida yake, asipoteze muda kushauriana na wenzake. Aende siku ileile.

Msilinganishe ukubwa wa matumbo pia. Wiki ya 20 kilele cha nyumba ya uzazi huwa karibu na kitovu, na kuanzia wiki ya 24 hivi urefu wake kwa sentimita hukaribiana na idadi ya wiki, lakini hilo hupimwa kwa utepe na mkunga anayejua anachokishika. Macho ya jirani hayapimi. Mrefu na mfupi, mwenye mimba ya kwanza na mwenye mimba ya nne, hawabebi kwa umbo moja.

Sasa nije kwenye yale msiyopenda kuyataja. Wahenga walisema mficha uchi hazai, na mimi niliyekaa katika chumba cha kujifungulia ninalichukua neno hilo kama lilivyo. Bawasiri, mkojo unaotoka ukipiga chafya, ute unaoongezeka, ufizi unaotoka damu, kiungulia kinachokukalisha kitandani usiku wa manane, hamu ya mume iliyokuja kwa nguvu au iliyokatika kabisa: haya yote ni ya kawaida kwa wajawazito wengi, na kila mmoja hudhani ni yake pekee mpaka mwenzake aanze kusema. Maumivu ya ghafla ubavuni chini ya tumbo unaposimama kwa haraka hutokana na kano zinazoishikilia nyumba ya uzazi, ambazo sasa zinavutwa. Simama polepole, yatapungua. Misuli ya shavu la mguu ikikakamaa usiku, nyoosha goti na uvute vidole vya mguu kuelekea kwako.

Kuna jambo moja ambalo sikulijua kwa kusoma, nililijua kwa kusikiliza benchi. Ndani ya chumba, wanawake waliniambia kwamba wanameza vidonge vya madini ya chuma kila siku. Nje, nikiwa napita, niliwasikia wakiambiana kwamba wameviacha, kwa sababu vinafunga choo, vinatia kichefuchefu na choo chenyewe kinakuwa cheusi. Walituogopa sisi, wakaaminiana wao. Nilisikitika, kisha nikatambua kwamba kosa lilikuwa letu tuliokuwa tukigomba kabla ya kuuliza. Wanangu, katika ujauzito damu huongezeka karibu kwa nusu ya ilivyokuwa, na maji yake huongezeka haraka kuliko chembe nyekundu, ndiyo maana wekundu wa damu hushuka hasa katika miezi hii. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 30 hadi 60 za madini ya chuma kila siku pamoja na miligramu 0.4 za foliki asidi. Choo cheusi hakina madhara. Kama tumbo linakataa, elezaneni mbinu zilizowasaidia: mmoja humeza usiku kabla ya kulala, mwingine baada ya chakula, na wote wajue kwamba chai na kahawa huzuia madini hayo yasifyonzwe, basi visinywewe pamoja. Ikishindikana kabisa, mwambieni mkunga kweli, kwa kuwa anaweza kubadilisha dozi au aina. Akigomba, mvumilieni, mrudieni tena mpaka asikie.

Sasa ninafika pale ambapo moyo wangu ni mzito, na ndipo hasa penye sababu ya barua hii. Zamani, walikuwapo wajawazito watano waliozoea kuja kliniki pamoja, wakicheka njia nzima. Mmoja wao, mimba ikiwa ya wiki 25, alilalamika kichwa kwa siku tatu. Wenzake walimpenda, na kwa kumpenda wakamtuliza: wa kwanza alisema hata yeye kichwa kilimuuma mwezi ule kikapoa, wa pili akamshauri anywe maji na kupumzika, wa tatu akasema ni mawazo. Siku ya nne alianza kuona vimulimuli, na alipofikishwa kwetu shinikizo la damu lilikuwa limepanda kupita kiasi. Mama alipona. Mtoto hakuishi. Hakuna hata mmoja kati ya wale wanne aliyekuwa na nia mbaya. Kila mmoja alimpa kilichokuwa kweli kwake, na hakikuwa kweli kwa mwenzake.

Kwa hiyo tenganisheni mambo mawili. Karaha ya mwili ni ya kuelezana na kupeana pole. Dalili ya hatari si ya kufananisha na ya mtu yeyote. Baada ya wiki ya 20, kichwa kikali kisichotulia, macho kuona giza au vimulimuli, maumivu ya juu ya tumbo chini ya mbavu, uso na mikono kuvimba ghafla, vyote hivyo vinaweza kuwa mwanzo wa kifafa cha mimba, na shinikizo la damu likianzia 140 kwa 90 linahitaji mhudumu. Ongezeni hapo damu ukeni, maji yanayochuruzika kabla ya wakati, tumbo linalokaza na kuachia kwa mpangilio, homa, maumivu wakati wa kukojoa, na kupumua kwa shida. Mwenzako akikutajia lolote katika hayo, usimwambie kwamba na wewe lilikupata. Mwambie, "Twende," uvae, uende naye.

Ninaongeza neno kuhusu kipimo cha ultrasaundi, ambacho wengi wenu mtafanyiwa kati ya wiki ya 18 na ya 22. Huwa mnakwenda kwa shauku ya kujua ni wa kike au wa kiume, ilhali mpimaji anatazama moyo, uti wa mgongo, ubongo, figo na mahali kondo lilipokaa. Wengine huambiwa kondo limekaa chini, nao huanza kuomboleza palepale. Wajue kwamba mara nyingi, nyumba ya uzazi inapokua, kondo husogea mbali na mlango wa kizazi, na watapimwa tena kabla ya kujifungua. Wachache hutoka na habari nzito zaidi. Mwenzenu akitoka chumbani kimya, msimkimbilie na maswali. Kaeni naye. Msimwambie kwamba madaktari hukosea, kwa maana mtampa tumaini ambalo hamna uwezo wa kulilipa.

Na yule mama aliyefiwa na mtoto alinisimulia, mwaka mmoja baadaye, kwamba kilichomuumiza zaidi baada ya msiba wenyewe ni jinsi wenzake wanne walivyotoweka. Walikuwa na aibu, na matumbo yao yaliendelea kukua, wakaona kumtembelea ni kumtonesha. Hawakumuuliza kama ndivyo anavyotaka. Walimwamulia. Ikiwatokea, na katika kundi la wajawazito inaweza kutokea, mwacheni mwenyewe achague: kubaki nanyi, kujitenga kwa muda, au kuondoka, lakini aulizwe, na aulizwe tena baada ya wiki kadhaa, kwa sababu jibu la siku ya kwanza si lazima liwe jibu la mwezi wa pili.

Mmoja tu kati ya wale wanne alimrudia, akiwa tayari amejifungua, na alimwacha mtoto wake kwa dada yake ili aende peke yake. Hakumwambia atapata mwingine. Alimwomba msamaha kwa maneno yake ya siku ile, kisha akamuuliza kama alikuwa amemchagulia mtoto jina. Alikuwa amemchagulia. Lilikuwa halijatamkwa na mtu yeyote mwingine, na wale wanawake wawili walikaa jioni nzima wakilitamka.

Ni mimi mama yenu,
Mkunga mstaafu